Mashine Nayo Ina Lugha Yake

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii humfaa mvivu anayetafuta kisingizio, lakini haikifai chuo cha ufundi kinachotaka kununua mashine ya wima ya kuchongea vyuma inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC. Jembe hubadilishwa msimu ujao. Mashine hii hununuliwa mara moja, ikahudumia vizazi vya wanafunzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa na chuo kimoja kutafsiri ilani za usalama za karakana yake. Niliikuta mashine ya aina hiyo imefunikwa turubai. Haikuwa mbovu. Maandishi ya kioo chake na ya kitabu chake yalikuwa katika lugha ambayo hakuna mwalimu hata mmoja aliyeijua. Wanafunzi walionyeshwa mashine hiyo kama wageni waonyeshwavyo vitu vya makumbusho.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba kosa lilitendeka siku ya kuchagua. Kamati za ununuzi aghalabu hulinganisha bei, ukubwa wa meza na kasi ya mzunguko, zikasahau kuuliza mashine yasema lugha gani.

Maana mashine hizi zina lugha, tena yenye sarufi. G01 huamuru kichongeo kifuate mstari mnyoofu. G02 kifuate tao kwa mwendo wa saa. M03 huanzisha mzunguko wake. Lugha hii ina lahaja. Aliyeizoea ile ya Fanuc ya Japani hatapata taabu kubwa mbele ya mashine ya Haas ya California, kama vile msemaji wa Kimvita asivyopotea Lamu. Lakini Heidenhain ya Ujerumani, ijapokuwa hufahamu misimbo hiyo, ina lugha yake mahsusi ambayo mwanafunzi huyo hana budi kujifunza upya. Wala nukta si pambo: katika vidhibiti vingi vya Fanuc, kwa kutegemea vilivyopangwa, X50. ni milimita 50, ilhali X50 bila nukta ni milimita 0.05 tu. Mwalimu gani wa insha aliwahi kuona nukta yenye uzito kiasi hicho?

Basi na tuulize kwanza: je, mwalimu wetu aweza kuisoma na kuifundisha? Pili, karakana zitakazowaajiri vijana wetu hutumia lahaja ipi? Ndipo tufikie ukubwa. Haas VF-2, kwa mfano, ina uzito wa zaidi ya tani 3, na kwa kawaida huhitaji umeme wa fezi tatu. Chuo kisicho na umeme huo wala sakafu madhubuti, heri kinunue mashine ndogo itakayotumika kila siku.

Wapo watakaosema kwamba mashine kubwa humzoeza mwanafunzi mazingira ya kiwandani. Ni kweli, maadamu anaruhusiwa kuigusa. Wakuu wa vyuo, mketisheni mwalimu wa karakana katika kamati kabla hundi haijatiwa sahihi. Nanyi wanafunzi, mnapotembezwa karakanani siku ya kwanza, ulizeni kwa adabu: mashine hii tutaiendesha lini?