Kosa la Herufi Moja Si Laana

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Leo, kwa heshima zote, nawapinga wahenga. Naona asiyejua maana ndiye hasa anayepaswa kuambiwa maana, tena kwa lugha anayoielewa. Nimesukumwa kushika kalamu na jambo ambalo limeliumiza boma letu kwa miaka mingi, nalo ni ugonjwa wa selimundu, ule ambao mitaani watu huuita siko seli.

Ndugu yangu mdogo anaugua maradhi haya. Alipokuwa na umri wa miezi minane vidole vyake vilivimba, akalia usiku kucha. Majirani wakasema ametupiwa jicho. Wengine wakasema ni mizimu. Nyanya mzaa baba ndiye aliyekata kauli: "Katika ukoo wetu hakuna damu ya namna hiyo. Mama yenu ndiye aliyeileta hapa." Mama hakujibu. Kwa muda wa miaka kumi na miwili alibeba lawama hiyo kama mtu aliyekutwa na ngozi ya mbuzi wa wizi, ilhali hakuiba kitu.

Mwaka huu, mwalimu wetu wa Baiolojia alipoanza kutufundisha mambo ya urithi, nilishtuka. Kumbe jawabu la swali la nyumbani kwetu lilikuwa kitabuni siku zote! Shida ni kwamba lilikuwa kwa Kiingereza, na nyanya hasomi Kiingereza. Ndipo nikajiuliza: je, elimu hii tunasomea mtihani tu?

Haya basi, tuanze na herufi. Ndani ya seli karibu zote za mwili mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi ndefu ziitwazo DNA. Umbo la DNA ni kama ngazi iliyosokotwa mithili ya kamba. Umbo hili lilielezwa mwaka wa 1953 na James Watson na Francis Crick, ambao walisaidiwa pakubwa na picha ya eksirei iliyotokana na kazi ya Rosalind Franklin, mwanamke aliyefariki mwaka wa 1958 kabla ya kupewa sifa aliyostahili. Vidato vya ngazi hiyo (wala sisemi kidato cha kwanza au cha nne!) hutengenezwa kwa kemikali nne tunazoziandika kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Herufi ni nne tu, lakini katika nakala moja ya maelezo ya kumuunda binadamu zimejipanga takriban bilioni tatu.

Herufi hizi husomwa tatu tatu, kama maneno. Kila neno la herufi tatu hutaja asidi amino moja, au huamuru kazi ikome. Maneno yote ni 64, na asidi amino zinazotajwa ni 20. Asidi amino zikiungwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi, tunapata protini. Protini ndizo zinazofanya kazi nyingi mwilini: kujenga misuli, kumeng'enya chakula, kubeba hewa katika damu. Sehemu ya DNA yenye maelezo ya kutengeneza protini fulani ndiyo tunayoiita jeni.

Lakini DNA haitoki kwenye kiini. Ni kama vile vitabu vya maktaba yetu ambavyo hukubaliwi kwenda navyo bwenini. Ukivitaka, unakaa pale pale unanakili. Seli nayo hunakili jeni inayohitajika kwenye karatasi yake, yaani RNA mjumbe. Mjumbe huyo hutoka nje ya kiini hadi kwenye ribosomu, ambayo ni karakana ya protini. Hapo RNA za aina nyingine huleta asidi amino, kila moja na yake, na ribosomu huziunga kwa kufuata maneno yaliyoandikwa. Kazi hii inaendelea ndani yako sasa hivi, unaposoma makala haya.

Sasa tutazame makosa. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunajua vyema ubaya wa kosa la tahajia. Andika "Mama anapika kuku." Sasa badilisha herufi moja tu: "Mama anapiga kuku." Sentensi bado ni sahihi kisarufi, lakini leo hakuna mtu atakayekula kuku!

Hivyo ndivyo ilivyo katika selimundu. Hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, ina nyuzi nne. Mbili kati yake huitwa beta, na kila moja ina asidi amino 146. Mahali pa sita palitakiwa kuandikwa GAG, neno linaloita asidi ya glutamiki. Kwa mgonjwa pameandikwa GTG, neno linaloita valini. Herufi moja! Lakini kwa sababu ya valini hiyo, hemoglobini inapoachilia oksijeni hugandamana na kuwa vijiti, na seli nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni mviringo na laini, hupindika kama mundu. Seli hizo hukwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu ambayo nimeyaona kwa macho yangu na sitamani hata adui yangu ayapate. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mundu huishi siku kumi hadi ishirini, ndiyo maana mgonjwa huishiwa na damu. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti, na baadaye katika miaka ya 1950 Vernon Ingram akathibitisha kuwa tofauti yenyewe ni asidi amino moja tu.

Je, ni nani aliyemletea ndugu yangu kosa hili? Hapa ndipo ninapotaka nyanya wote, baba wote na mashangazi wote wanisikilize. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja nzuri na moja yenye kosa kwa kawaida huishi bila kuugua, na huenda asijue kamwe. Ili mtoto apate ugonjwa kama wa ndugu yangu, sharti apokee nakala yenye kosa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mkono mmoja haulei mwana, na nakala moja haileti ugonjwa huu. Kwa hivyo mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya selimundu anamfukuza mtu kwa kosa ambalo nusu yake liko mwilini mwake mwenyewe.

Tena si laana ya ukoo wowote. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi yetu mwaka wa 1949. Aligundua kwamba jeni hii ni ya kawaida sana Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka wa 1954 akatoa sababu: mahali penye malaria nyingi, mtu mwenye nakala moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali. Naam, nakala moja ni ngao. Mababu zetu wengi walinusurika kwa sababu yake. Balaa huja tu ngao mbili zinapokutana kwa mtoto mmoja, na mtoto huyo naye malaria humdhuru vibaya. Sasa niambieni, jambo lililowaokoa mababu litaitwaje laana?

Fauka ya hayo, elimu hii imezaa uhandisi jeni, yaani ufundi wa kuhamisha au kurekebisha jeni. Hapa kwetu ukitaja jambo hili watu hukumbuka mahindi tu. Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya aina hiyo mwaka wa 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Siwalaumu wanaouliza maswali, kwani ni haki yao. Ila wengi wetu hatujui kwamba ufundi huo huo umekuwa ukiokoa wagonjwa wa kisukari. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka wa 1978 wanasayansi walifaulu kutia jeni za insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na mwaka wa 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa Marekani. Bakteria alizisoma jeni hizo bila taabu kwa kuwa viumbe karibu vyote hutumia maneno yale yale ya herufi tatu. Ndiyo lugha yenye wazungumzaji wengi kuliko zote duniani!

Selimundu nayo imefikiwa. Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020 kwa kuvumbua mkasi wa kukatia DNA mahali maalum, uitwao CRISPR. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia mkasi huo, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Madaktari hutoa seli mama za damu za mgonjwa na kuzima swichi inayozuia hemoglobini ya utotoni, ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama, kisha huzirudisha mwilini. Hemoglobini hiyo haina kosa, nayo huanza kutengenezwa tena. Wako wanaosema huku ni kuingilia kazi ya Mungu. Mimi naona ni sawa na kufunga mfupa uliovunjika, kwani mabadiliko hubaki katika damu ya mgonjwa, hayarithiwi na wanawe. Kurekebisha viinitete ni jambo jingine. Mwanasayansi He Jiankui alipofanya hivyo huko China, akatangaza mwaka wa 2018, alihukumiwa kifungo mwaka uliofuata, na naona ilistahili.

Linaloniuma ni bei. Kule Marekani tiba hii ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 250. Hata tukiuza shamba, ng'ombe na nyumba ya mabati, hatufiki popote. Walio wengi kati ya wagonjwa wa selimundu duniani wako Afrika, lakini dawa imepangiwa bei ya Ulaya na Marekani. Hilo si haki, na viongozi wetu wasichoke kulisema.

Hata hivyo, tusikae tukisubiri mkasi wa mamilioni huku tukipuuza yaliyo karibu. Mtoto akipimwa mapema, akapewa penisilini ya kumkinga, akalala ndani ya neti, akanywa maji ya kutosha na kutumia dawa ya haidroksiyurea kwa maagizo ya daktari, ataishi vizuri zaidi. Vijana nao wapimwe damu kabla ya kuoana. Sisemi waachane, bali waamue wakijua. Wote wawili wakiwa na nakala moja yenye kosa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa.

Mwezi wa Agosti nilipofunga shule nilimweleza nyanya haya yote kwa maharagwe. Niliweka juu ya uteo jekundu moja na jeupe moja, nikasema, "Huyu ni baba." Nikaweka mengine kama hayo, nikasema, "Huyu ni mama." Kisha nikamwambia afumbe macho achague moja kila upande. Mara ya kwanza alipata meupe mawili. Mara ya pili, jekundu na jeupe. Mara ya tano akafumbua macho akakuta mekundu mawili. Aliyatazama kwa muda mrefu. "Kumbe moja limetoka kwa mwanangu," akasema. Mimi nikaongeza kwa sauti ya chini, "Naye alilipata kwako, nyanya, au kwa babu." Hakukasirika. Jioni hiyo alimwita mama, wakaketi pamoja wakichambua mboga, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa siku nyingi.

Hiyo ndiyo rai yangu, wanachama wenzangu. Kila mmoja wetu likizo hii amweleze mtu mmoja nyumbani jambo moja alilosoma kwenye sayansi, na amweleze kwa Kiswahili. Wanaosema lugha hii ni ya mashairi na mipasho tu wamekosea sana. Ilitosha kuondoa lawama kwenye boma letu.

Kiswahili kitukuzwe!