Spika ya Kubeba: Tuchague kwa Sikio la Nani?

Katika sebule nyingi za mijini, juu ya kabati au nyuma ya televisheni, kimekaa chombo ambacho hakijafa wala hakifanyi kazi. Ni ile spika ya kupachikia kifaa cha muziki, yenye kitako kwa mbele na ulimi mdogo wa chuma uliochomoza katikati ya kitako hicho. Zamani mtu aliipachika iPod yake juu ya ulimi ule, sauti ikatoka na betri ya iPod ikajichaji papo hapo. Nyingi ziliingia kwetu ndani ya masanduku ya ndugu waliokuwa wakirejea kutoka Dubai, Maskati, London na Toronto, na ilikuwa ni zawadi ya heshima. Leo watoto wa nyumba hiyo hiyo hawajui hata ulimi ule ulikuwa wa nini.

Tumeona tuanzie hapo wiki hii, kwa kuwa swali la spika ipi ndogo ya kubeba inafaa kwa nyumba limekuwa likitufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa akina mama wanaotaka kumnunulia mzee wa nyumbani au mtoto aliyeanza kuhifadhi. Ama kuhusu muziki wenyewe, suala hilo lina wenyewe na wenye elimu wameshalizungumza. Sisi katika ukurasa huu tunashughulika na chombo, na pesa ya familia itakayokinunua.

Kampuni ya Apple ilitoa iPod mwaka 2001. Mwaka 2003 ikaiwekea tundu pana la pini 30, na viwanda vingine vikakimbilia kutengeneza spika za kulipokea tundu hilo. SoundDock ya kampuni ya Bose, iliyotoka mwaka 2004, ni miongoni mwa zilizopata jina. Kwa muda wa miaka tisa mambo yalikwenda vyema. Mwaka 2012 Apple ikabadili tundu, ikaleta dogo liitwalo Lightning, na spika zote zile zikawa mfano wa kufuli lililopotelewa na ufunguo. Waliohamia kwenye spika za Lightning nao hawakukaa sana: mwaka 2022 iPod ikaachwa kutengenezwa, na mwaka 2023 simu mpya za kampuni hiyo zikaanza kutumia tundu la USB-C. Zingatia kwamba hakuna spika hata moja iliyoharibika katika habari hii. Kilichokufa ni mlango wake wa kuingilia sauti.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama dukani ni milango. Spika inayotegemea mlango mmoja tu, na mlango huo ukawa ni wa kampuni moja tu, tusiinunue hata ikiwa nzuri kiasi gani. Tunapenda spika yenye lile tundu la mviringo la waya, la milimita 3.5, ambalo limetumika kwenye redio na kaseti tangu zama za wazazi wetu na bado linapatikana kwenye vyombo vingi. Pamoja nalo iwe na Bluetooth, na iwe na sehemu ya kuchomeka flashi au kadi ya kumbukumbu. Wenye zile spika za zamani, kabla hawajazitupa, wazigeuze watazame nyuma: baadhi zina tundu hilo la mviringo, na waya mmoja wa bei nafuu utazirudisha kazini. Isipokuwa zile zilizotoka Marekani na Kanada zisomwe kwanza kibandiko cha adapta. Kikiandikwa volti 100 mpaka 240, hakuna shaka. Kikiandikwa 120 peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku ya kwanza.

Tukishamaliza milango, tuje kwenye sauti, na hapa ndipo wauzaji wanapotushinda. Ukiingia duka la spika Kariakoo, Darajani au barabara ya Luthuli jijini Nairobi, muuzaji atakuwekea wimbo wenye mdundo mzito, meza itatetemeka, nawe utaambiwa kuwa huo ndio ubora. Kwa anayetafuta mdundo, sawa. Lakini nyumba zetu nyingi husikiliza nini kwa saa nyingi zaidi? Kisomo, mawaidha, taarifa ya habari, kipindi cha redio, kaswida. Vyote hivyo ni sauti ya mwanadamu, na sauti ya mwanadamu haidai besi ya kutikisa vikombe. Simu za waya zilipitisha sauti ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu kwa miaka mingi, besi yote ikiwa imekatwa, na hapakuwa na mtu aliyeshindwa kumtambua mama yake kwenye simu.

Kinachobeba maneno ni sauti nyembamba za juu, zile za herufi kama s, f, sh na th. Zikifunikwa na besi, msikilizaji hubaki na mvumo pasipo neno. Hapo mtu hasikii kama msemaji ametaja thamani au samani. Katika mazungumzo ya kawaida maana ya sentensi humsaidia msikilizaji kukisia, na hasara si kubwa. Kwa mtoto anayehifadhi kwa kusikiliza, hasara ni kubwa, kwa sababu yeye hana cha kukisia: atalichukua lile alilolisikia. Spika ikimpotezea tofauti ya tha, sin na swad, ataihifadhi aya kwa kosa, na ustadhi wake atapata kazi ya kubomoa kabla ya kujenga. Sisi tunaona hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya mzazi kutumia nusu saa nzima dukani.

Kwa mzee jambo hili linarudi kwa sura nyingine. Masikio yanapozeeka, aghalabu hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu. Ndiyo maana babu husema, “Nasikia anazungumza, ila sifahamu anasema nini.” Wajukuu humwongezea sauti, na kwa spika yenye besi nyingi wanachoongeza ni ule mvumo unaomsumbua. Afadhali spika ndogo yenye sauti safi, ikae juu ya kigoda karibu naye, ikimwelekea, kuliko kubwa iliyotupwa kwenye pembe ya chumba. Pembe nayo huzidisha besi. Na umbali una hesabu yake: mahali pa wazi, kila unapouongeza mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Kuisogeza spika kutoka mita nne hadi mbili ni sawa na kuizidishia nguvu mara nne, na haigharimu chochote.

Hapo tumegusa nguvu, basi tuseme neno juu ya wati, kwa kuwa ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi. Ziko wati za kweli, ambazo chombo kinaweza kuzitoa mfululizo, na hizo huandikwa RMS. Ziko pia zile ziitwazo PMPO, ambazo hazina kipimo kilichokubaliwa, na kila kiwanda hujiandikia kitakavyo. Msomaji anaweza kuzihakiki mwenyewe. Chukua spika ndogo yenye betri ya volti 3.7 na uwezo wa mAh 1,200. Zidisha: utapata wati 4.44 kwa saa moja. Boksi likidai wati 40, na dai hilo likawa la kweli, basi betri hiyo ingekwisha kabla ya dakika saba kwa nguvu hiyo. Boksi hilo hilo linakuahidi saa nane za kusikiliza. Saa nane zawezekana, ila kwa takriban nusu wati, na nusu wati hiyo yamtosha mtu mmoja chumbani. Tena ijulikane kuwa kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona kwa shida. Ili sauti isikike kuwa imekua maradufu huhitajiwa nguvu mara kumi hivi. Baina ya spika ya wati 5 za kweli na ya wati 10, msilipe tofauti kubwa ya bei kwa ajili ya tarakimu.

Na kwa nini tutake sauti kubwa ndani ya nyumba? Kanuni iliyotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa kuhusu vyombo vya kusikilizia vya binafsi iliweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu. Kanuni hiyo inahusu zaidi vyombo vya masikioni, ila sikio ni lile lile, na mtoto anayelala kifudifudi na spika shavuni mwake amekaribia hali hiyo hiyo. Jirani pia ana haki yake, hasa katika nyumba za kupanga ambazo ukuta mmoja unatumikia familia mbili.

Kuhusu Bluetooth, tunaipenda kwa wepesi wake lakini hatuipi nafasi ya kwanza nyumbani. Huvuka mita kumi hivi palipo wazi, na kuta za matofali huipunguza. Kubwa zaidi ni kwamba simu iliyounganishwa huleta kila kitu chake: katikati ya kisomo utasikia mlio wa ujumbe, kisha simu ya mtu anayeuliza bei ya mchele. Nyingine, hasa za bei ya chini, hazina nambari ya siri, na kijana wa nyumba ya pili huweza kujiunganisha bila kubisha hodi. Anachokipenda yeye kikaanza kusikika mbele ya wageni wenu.

Ndiyo maana tunaipendelea kadi au flashi kwa mzee na kwa mtoto. Kisomo cha Qur’ani nzima kwa mwendo wa murattali huchukua saa 30 hivi kwa wasomaji wengi, na kwa kiwango cha kawaida cha MP3 hutoshea ndani ya kadi ya GB 4 na nafasi ikabaki. Majina ya faili yaanze na tarakimu tatu, 001 mpaka 114, ama sivyo baadhi ya spika zitaipiga sura ya 10 kabla ya sura ya 2. Kisha ulizeni jambo ambalo wauzaji wachache hulitaja: chombo kikizimwa, hukumbuka kilipoishia? Al-Baqara ina aya 286. Bibi anayezimiwa spika wakati wa chakula, na kila ikiwashwa imrudishe aya ya kwanza, hatafika mwisho wake kwa wiki nzima. Jaribuni pale pale dukani: chomekeni, ipigeni dakika mbili, zimeni, washeni.

Wakati wa kuiwasha, sikilizeni pia kama inapiga kelele. Ziko spika ambazo zikiwashwa hutangaza kwa Kiingereza au Kichina, kwa sauti ya juu kabisa, kwamba zimewaka. Kwa anayeamka kabla ya alfajiri ilhali watoto wamelala, chombo cha namna hiyo ni mtihani. Na kwa mzee, kitufe cha kuzungusha ni bora kuliko vitufe vitano vidogo vinavyofanana.

Hatuoni haja ya kulipia spika mbili za kushoto na kulia kwa matumizi haya. Kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kilichorekodiwa mjini Cairo mwaka 1961, kilisikika kwenye Idhaa ya Qur’ani ya Misri iliyoanza mwaka 1964, na wasikilizaji wengi walikipokea kwa redio zenye spika moja tu. Hawakupungukiwa na kitu.

Wakazi wa pwani huulizia maji. Alama ya IPX4 maana yake ni kuvumilia matone ya kurushiwa. IPX7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, wala si ya chumvi, kwa hiyo spika iliyoanguka baharini isuuzwe upesi na ikaushwe barabara kabla ya kuchajiwa. Joto ni adui zaidi kuliko maji: spika isiachwe ndani ya gari lililo juani, kwani betri za lithiamu huchakaa kwa joto, na hata zikitunzwa vyema nyingi huanza kuchoka baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500.

Mkienda dukani, basi, nendeni na flashi yenu wenyewe, ndani yake mkiwa na sauti ya msemaji mnayemjua vizuri. Mwambieni muuzaji aondoe kitufe cha kuongeza besi. Simameni hatua tatu mbali, mpunguze sauti mpaka iwe ya chini, kisha msikilize kama maneno bado yanashikika. Ikiwezekana, mzee mwenyewe awepo, kwa kuwa sikio litakaloamua ni lake. Risiti iandikwe jina na aina ya chombo pamoja na muda wa dhamana. Usiku wa kwanza ichajini mpaka ijae, iacheni ipige kwa sauti ya kawaida huku mkitazama saa. Isipofika hata nusu ya muda ulioandikwa, irudisheni kesho yake, ikiwa na boksi lake na risiti yake.