Ruwenzori ipi? Majina ya Beni na ramani zilizoandikwa mbali

Habari ikitangaza kwamba "kumetokea shambulio Ruwenzori", msikilizaji wa Mabalako bado hajajua lolote. Ruwenzori ipi? Katika mji wa Beni kuna komine ya Ruwenzori, moja kati ya komine 4 za mji, pamoja na Beu, Bungulu na Mulekera. Nje ya mji, ndani ya teritwari ya Beni, kuna sekta ya Ruwenzori, inayoshika upande wa Mutwanga na Bulongo mpaka miguuni pa mlima. Halafu kuna mlima wenyewe. Mama mwenye binti anayesoma mjini na mzee anayelima kakao upande wa Mutwanga atapiga simu pande zote mbili, na mtandao siku kama hiyo, kila mtu anajua namna unavyokuwa.

Beni nayo ni vile vile. Beni ni mji. Beni ni teritwari inayouzunguka mji, lakini mji si sehemu ya teritwari, na ofisi ya msimamizi wa teritwari ya Beni iko Oicha. Beni ni zoni ya afya pia. Ongeza sekta ya Beni-Mbau, na ndani ya sekta hiyo ndimo Mabalako ilimo. Mtu wa Kinshasa au wa Geneva anayesoma "Beni" kwenye ripoti anaweza kuweka kidole mahali patatu tofauti kwenye ramani, na asiwe amekosea hata pamoja.

Mabalako inalijua jambo hili kwa gharama. Tarehe 1 Agosti 2018 wizara ya afya ilitangaza mlipuko wa Ebola, wa 10 katika nchi, wiki moja tu baada ya ule wa Equateur kutangazwa umekwisha. Wakaaji walijua moto unawaka wapi: Mangina, kama kilomita 30 magharibi ya mji wa Beni. Lakini ripoti ziliandika Mabalako, kwa sababu Mangina inahesabiwa katika zoni ya afya ya Mabalako. Redio za nje zilisema Beni, sababu ndio mji unaojulikana. Magazeti ya Ulaya yaliandika Kivu tu, kama vile kutoka Bukavu mpaka Eringeti ni mtaa mmoja. Mahali pamoja, majina manne.

Kwa mtu wa ofisi hiyo ni kazi ya kurekebisha jedwali. Kwa mfanyabiashara aliyepeleka ndizi au mafuta ya mawese sokoni ilikuwa jambo lingine. Jina la zoni ya afya ni mpaka wa kazi tu: linaonyesha ni hospitali gani inasimamia vituo vipi. Lakini lilipotoka kwenye jedwali na kuingia kwenye habari za kila siku, likawa jina la ugonjwa. Vijiji ambavyo havikuwa na mgonjwa hata mmoja vilibebeshwa jina la zoni nzima. Mlipuko ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na kidogo Kivu ya Kusini. Butembo nayo iliona jambo hilo kwa namna yake, kwa kuwa mji huo mmoja una zoni mbili za afya, Butembo na Katwa. Mkaaji wa mji aliweza kuhesabiwa Katwa na ndugu zake wa mbali wakadhani Katwa ni mji mwingine, kule mbali.

Wanasayansi walijua hatari hiyo tangu zamani. Ugonjwa ulipoonekana mara ya kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, upande wa Bumba, wataalamu hawakutaka kuuita Yambuku ili kijiji kisibebe aibu milele. Waliangalia ramani, wakachukua jina la mto, Ebola. Baadaye ilionekana kwamba mto huo haukuwa hata ule ulio karibu zaidi na Yambuku; ramani waliyokuwa nayo ilikuwa ndogo na haikuwa sahihi sana. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali. Mwongozo huo unahusu jina la ugonjwa. Vichwa vya ripoti havimo, na ni kwenye vichwa vya ripoti ndiko Mabalako ilikoonekana kila asubuhi.

Mchanganyiko wa majina haukuanza na Ebola wala na vita. Anayetaka kuona ulikoanzia ainue macho asubuhi ambayo mawingu yamefunguka, atazame mlima.

Stanley aliandika kwamba ameona theluji ya mlima huo mwezi Mei 1888, katika safari ya kumtafuta Emin Pasha, akauandika Ruwenzori. Wanande wa upande wa Congo na Wakonzo wa upande wa Uganda, ambao lugha yao ni moja, wanasema Rwenzururu, na ndani yake mna neno nzururu, yaani theluji. Jina hilo linasema kitu: ni mahali pa theluji. Na watu wa mlima hawakulisahau, maana ndilo jina la ufalme ambao serikali ya Uganda iliutambua mwaka 2009.

Mwaka 1906 alikuja mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo di Savoia, mtawala wa Abruzzi. Alikuwa mpanda milima wa kweli, na kazi yake ya kupima ilikuwa nzuri. Tarehe 18 Juni 1906 alifika juu kabisa, mita 5,109, akapaita Margherita kwa jina la malkia wa kwao. Kilele cha pembeni akakiita Alexandra, kwa jina la malkia wa Uingereza. Vingine vikapata Elena na Savoia. Milima mikubwa 6 ikagawiwa wasafiri: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Ule wa sita alitaka uitwe Thomson, lakini wakubwa wa jumuiya ya jiografia ya London wakaamua uitwe kwa jina lake mwenyewe, Luigi di Savoia. Wabelgiji nao hawakutaka kubaki nyuma: msafara wao wa mwaka 1932, ulioongozwa na Xavier de Grunne, ulipanda kutoka upande wa Congo, na leo kilele cha upande huo kinaitwa Albert, kama mfalme wao wa wakati huo.

Wasafiri waliotangulia mwaka 1906 walikuwa wamesikia majina ya wenyeji, kama Kiyanja na Duwoni. Shida ni kwamba kila mzungu aliyaelekeza kwenye kilele tofauti, kulingana na mahali aliposimama na siku ambayo mawingu yalimruhusu kuona. Basi majina hayo yakaonekana ni ya kuchanganya, yakawekwa pembeni. Hapo mtu anaweza kuuliza: kosa lilikuwa la jina au la aliyesikiliza? Mlima unaoonekana kutoka Mutwanga si ule unaoonekana kutoka Kasese. Mwenyeji anaupa jina upande anaouona na anaoutumia, mwenye ramani anataka jina moja kwa kila ncha.

Mfano wa mbali kabisa unasaidia kuona tofauti. Kusini mwa bahari ya Atlantiki, kuelekea Antaktika, kuna kisiwa kiitwacho Bouvet. Karibu chote, zaidi ya asilimia 90, kimefunikwa na barafu, na nchi kavu iliyo karibu iko zaidi ya kilomita 1,600. Baharia Mfaransa Bouvet de Lozier alikiona tarehe 1 Januari 1739 kupitia ukungu, akadhani ni ncha ya bara, akaiita rasi ya Tohara kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya Tohara ya Bwana. Akaandika vibaya mahali kilipo. Kwa miaka karibu 70 meli zilikuwa na jina hilo kwenye ramani na hazikuona kisiwa, mpaka kilipoonekana tena mwaka 1808. Wanorwe walitua mwaka 1927, wakakichukua kiwe chao, na kilele cha juu leo kinaitwa Olavtoppen, kwa jina la mwana wa mfalme wao.

Malkia wa Italia juu ya Ruwenzori, mwana wa mfalme wa Norwe juu ya Bouvet: mtindo ni uleule na miaka inakaribiana. Lakini Bouvet hakuna mtu aliyezaliwa, hakuna aliyezikwa na ndugu zake, hakuna shamba. Jina la Olav halikufuta jina lolote. Na kisiwa kilipopotea kwenye ramani miaka 70, hakuna aliyekosa dawa. Ruwenzori ilikuwa na watu na majina, ndiyo maana mtindo uleule ulileta matokeo mengine.

Serikali ilijaribu kurekebisha. Mwaka 1966 Léopoldville ikawa Kinshasa na Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1969 mbuga ya Albert, iliyoanzishwa 1925, ikapata jina la Virunga. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikawa Zaire. Ziwa Edouard, ambalo Stanley alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza, liliitwa Idi Amin Dada katika miaka ya 1970, huku ziwa Albert likiitwa Mobutu Sese Seko. Marais wawili waligawana maziwa mawili. Amin alipoangushwa mwaka 1979, jina lake likaondoka kwenye maji. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi walivua samaki wale wale muda wote huo.

Mlima Stanley nao ulibadilishwa, ukaitwa Ngaliema. Jina la Kiafrika, ndiyo. Lakini Ngaliema alikuwa chifu wa Wateke kule Kintambo, Kinshasa, aliyeshughulika na Stanley wakati wa kuanzisha kituo cha Léopoldville. Hakuwa mtu wa huku. Yaani hata wakati wa kurudi kwenye asili, jina la mlima wa Wanande lilitoka kandokando ya mto Congo, upande mwingine kabisa wa nchi. Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa namna ramani inavyoandikwa: anayebadilika ni aliyekaa mezani, meza inabaki mbali.

Na sasa barafu yenyewe inaondoka. Wakati wa safari ya 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba, na haijaacha kupungua. Barafu zenye majina ya Elena, Savoia na Speke zimekwisha au zinakwisha, majina yatabaki kwenye karatasi. Mlima wa mawe mitupu utaendelea kuitwa mahali pa theluji.

Majina ya vilele yanaweza kusubiri. Majina ya vijiji hayawezi. Wakati wa Ebola, kazi kubwa ilikuwa kumfuata kila mtu aliyekutana na mgonjwa, kwa siku 21. Orodha iliandikwa jina la mtu na la kijiji. Kijiji kimoja kiliweza kuandikwa kwa namna mbili au tatu: Kantine au Cantine, Kyondo au Kiondo. Katika Kinande sauti ya b ni laini, ndiyo maana wengine wanaiandika v, na mtu asiyejua lugha anaona vijiji viwili pale penye kimoja. Kompyuta nayo haiulizi, inahesabu tu.

Watu wa kujitolea wa ramani ya wazi ya OpenStreetMap, ndani ya Congo na nje, wamechora barabara na nyumba nyingi za eneo hili kutoka kwenye picha za setilaiti. Ni kazi ya maana, na misaada inaitumia. Ila picha inaonyesha paa la nyumba, haionyeshi jina. Jina linapatikana kwa kumuuliza chifu wa kijiji, muuguzi wa kituo, mwenye pikipiki anayepita kila siku. Na katika groupement kama Baswagha-Madiwe, ambako watu wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, mgeni anayetembea na simu akiuliza majina ya vijiji na kuyaandika anaweza kuleta maneno makubwa. Wakaaji wana sababu ya kumtilia shaka. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kufanywa na mgeni peke yake, na orodha nyingi nzuri tayari zipo, ndani ya madaftari ya vituo vya afya na ya machifu. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka pamoja na kuzisoma mbele ya wenyewe kabla hazijaenda Goma au Kinshasa.

Lipo pia jambo dogo ambalo halina gharama: anayetoa tangazo, awe msemaji wa jeshi, wa afya au wa shirika la raia, aseme "komine ya Ruwenzori" au "sekta ya Ruwenzori", "mji wa Beni" au "teritwari ya Beni". Neno moja zaidi. Kisha ataje kijiji, na soko au daraja lililo karibu. Madereva wanafanya hivyo siku zote. Kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango watu wanasema PK na namba ya kilomita, PK 25 kwa mfano, na hakuna anayeuliza ipi.