Injinia wa Kusafisha Si Mtu wa Fagio



Juma lililopita mama mmoja alikuja kutuona shuleni. Binti yake anamaliza mwaka wa nane, naye anataka seksio ya sayansi. “Mwalimu, mtoto anasema atakuwa injinia wa kusafisha ardhi. Nimlipie masomo miaka yote hiyo ili akashike fagio?” Tulicheka pamoja, kisha tukamwomba akae. Tuliyomwambia tunayaandika hapa, maana wazazi wengi wana swali hilo.

Tulianza na jiwe la kwetu. Shinkolobwe, karibu na Likasi, palitoka uraniamu yenye nguvu sana. Wakati wa vita vya pili vya dunia, Wamarekani waliinunua kwa Union Minière, wakaitumia kwa mabomu ya atomiki ya 1945. Lakini jiwe likiisha kukamuliwa, makapi yanabaki. Makapi haya yana radiamu, nayo inatoa gesi ya hatari. Sehemu yake iliwekwa katika matangi mawili makubwa ya betoni huko Fernald, jimbo la Ohio, Marekani, ambako serikali ilifungua kiwanda cha uraniamu 1951.

Jina la kiwanda lilikuwa na neno linalofanana na chakula cha wanyama, na majirani wengi walidhani kinatengeneza chakula cha mifugo. Karibu na 1984 ikajulikana kwamba vumbi la uraniamu lilikuwa linatoka, na visima vingine vya jirani vimechafuka. Lisa Crawford, mama mwenye mtoto mdogo, alikuwa anatumia maji ya kisima kimoja. Aliongoza chama cha majirani, na kwa miaka mingi wakaiuliza serikali maswali bila kuchoka.

Kiwanda kilisimama 1989. Ndipo kazi ya mainjinia wa kusafisha ikawa kubwa. Kwanza walipima udongo na maji, wakachora ramani ya uchafu. Walibomoa majengo. Udongo mchafu uliobaki pale waliufungia katika jalala lililotandikwa vizuri ili maji yasipite. Makapi ya matangi yale mawili yalichanganywa na simenti, yakatiwa katika vyombo vya chuma, yakapelekwa mbali, Texas. Kazi ikaisha 2006, kwa dola karibu bilioni 4.4. Leo pale pana majani, mabwawa na ndege. Hata hivyo maji ya chini ya ardhi yaliendelea kupampiwa na kusafishwa.

Kazi hii inapanda ngazi kwa ngazi. Kijana anaanza na kofia ngumu kichwani, akipima na kuandika. Baadaye anakagua kazi ya kampuni zilizopewa mkataba: je, betoni ni ile iliyoandikwa katika plani? Miaka ikipita, anasimamia shantie nzima: feza, siku na usalama wa wafanyakazi. Anaweza kusema “simamisheni kazi” hata kama wakubwa wana haraka. Mwishoni anatia sahihi kwamba mahali pamekuwa salama. Akikosea, watoto watakunywa kosa lake.

Na kwetu je? Serikali ilifunga Shinkolobwe 2004, kwa maana watu walikuwa wanachimba kobalti pale. Mwaka ule ule shimo liliporomoka, watu wakafa. Jiwe lilienda ng’ambo, na huko makapi yake yamepata mainjinia. Shimo lake liko hapa, nalo linahitaji watoto wetu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina fakulte ya Politekniki, na msichana anayejua hesabu anaweza kuingia kama kaka yake.

Basi wamama, binti akileta jioni daftari la hesabu, tusimtume kwanza kuosha sahani huku kaka yake amekaa anasoma. Tugawanye kazi za nyumba. Hilo halihitaji feza.

Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na kisima chetu sisi, nani amekipima?” Hatukuwa na jibu la kumpa. Aliondoka akisema atamwandikisha mtoto katika sayansi.