Jack Russell Siyo Pambo: Mpe Kazi au Usimnunue

Wafugaji wa kuku wananiuliza sana kuhusu Jack Russell, yule mbwa mdogo mweupe mwenye mabaka ya kahawia au meusi. Panya wanamaliza chakula stoo, na wamesikia huyu mbwa ni kiboko yao. Ni kweli. Lakini msimamo wangu ni huu: kama huna muda naye, acha.

Aina hii ilianzia Devon, Uingereza, kwa John Russell, mchungaji wa Kianglikana aliyependa kuwinda mbweha. Mwaka 1819 alinunua jike aitwaye Trump, na kizazi kikaanzia hapo. Alitaka mbwa jasiri, mwembamba wa kifua, anayeingia shimoni kumtoa mbweha. Weupe ulimsaidia mwindaji asimchanganye na mbweha. Ndiyo maana hadi leo kimo chake ni sm 25 hadi 30, na uzito kilo 5 hadi 6 hivi.

Sasa elewa: anapochimba chini ya uzio wako siyo utundu, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Ukimfunga mnyororo kutwa nzima, atabweka mpaka majirani wakuchoke. Na kwake yeye, kifaranga anayekimbia ni windo tu. Mzoeshe kuku akiwa bado mdogo, na hata akizoea usimwache bandani peke yake. Ulinzi je? Atakuamsha mwizi akija, ila kilo 6 hazimzuii mtu.

Ukiamua kumchukua, zingatia haya:

- Sumu ya panya na mbwa huyu havikai shamba moja. Sumu nyingi huzuia damu kuganda, na akila panya aliyekula sumu naye anaweza kufa.
- Chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka.
- Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ile iliyotokea Lindi mwaka 2022. Inampata mbwa na wewe pia. Muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo yake.
- Dawa ya kupe na ya minyoo kwa ratiba, siyo mpaka umwone amekonda.
- Mazoezi walau saa moja kila siku. Mpira, matembezi, kazi ya stoo, vyote sawa.

Tena usimbebeshe mzigo wote. Panya wanazaana haraka kuliko mbwa yeyote anavyoua. Ziba matundu kwanza, weka magunia juu ya chaga, fagia punje zilizomwagika. Mbwa ni msaidizi tu.

Piga hesabu kama mfanyabiashara. Kundi la kuku wa mayai unaliondoa baada ya mwaka na nusu hivi. Huyu anaweza kufikisha miaka 13 na kuzidi, na huwezi kumuuza sokoni kama kuku aliyeacha kutaga. Ukiona miaka hiyo ni mingi, nunua mitego.