Nyota Moja Begani

Wenzangu wengi wa darasa la mwisho hutamani kuingia ISCAM, chuo cha maafisa wa jeshi kilichoko Bujumbura. Sina neno nao. Lakini nikiwasikiliza, naona wanawaza siku ya kuvishwa nyota tu. Hakuna aulizaye siku ya pili itakuwaje.

Siku ya pili luteni mpya hukabidhiwa askari kama 30. Sajini wake alikuwa jeshini tangu luteni yungali mtoto wa shule. Amri atatoa, naam, lakini asipomsikiliza yule sajini atapoteza watu bure. Hata hapa Nyanza-Lac kijana aliyerithi mtumbwi humwuliza mvuvi mzee wapi pa kuwasha taa usiku.

Tena jeshi letu lina jambo lake. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yalikataza kabila moja kupita nusu ya jeshi, na mwaka 2004 askari wa zamani na wapiganaji wa msituni wakaanza kuwekwa pamoja. Basi luteni aweza kuamrisha watu ambao baba zao walipigana wao kwa wao. Kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko gwaride lote.

Na hatari ni ya kweli: Juni 2015 kambi ya Warundi huko Leego, Somalia, ilivamiwa, wengi wakafa.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio maafisa, tuandikieni: mwaka wa kwanza mlilala wapi, na sajini aliwafundisha nini? Tuandikieni kabla wenzangu hawajajaza karatasi zao.