Ukifika mpakani, ufunguo wa simu yako anao nani?

Mtu anayesafiri kesho kwenda Muscat, leo yuko Michenzani ananunua kava na chaja. Kilichomo ndani ya simu hata hakifikirii.

Alama za vidole vyetu serikali inazo zamani. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018, na Mei 2019 tukaanza kusajili laini kwa vidole. Hayo tumeshayazoea. Simu ni jambo jingine, maana ndani yake hukai peke yako: mna sauti za mama, picha za harusi ya shemeji, majibu ya hospitali, grupu la mtaa.

Novemba 2018, Angela Quintal na Muthoki Mumo wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari (CPJ) walichukuliwa hotelini Dar es Salaam na watu waliojitambulisha kuwa maofisa wa Uhamiaji. Wakanyang'anywa pasipoti, simu na kompyuta. Simu zikiwa bado zimeshikiliwa, akaunti ya Twitter ya Quintal ikaandika kwamba ameachiwa. Si yeye aliyeandika! Uhamiaji walisema wageni hao waliingia kwa vibali vya matembezi, kisha wakafanya mikutano. Haya, tuseme ndivyo. Kosa la kibali linahitaji kuingia Twitter ya mtu?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 31, inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kama chake, kuamuru kifaa kipekuliwe au kichukuliwe akiwa na sababu za kushuku. Hakimu hahusiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kazi Mei 2023, huku Zanzibar inagusa mambo ya Muungano tu. Uhamiaji umo. Lakini usalama wa taifa na kuzuia uhalifu vimewekewa upenyo, na mpakani kila kitu huweza kuitwa usalama.

Msidhani wakubwa wana nafuu. Marekani mwaka wa fedha 2024 ilipekua vifaa zaidi ya 47,000 mipakani.

Dawa za kulevya zinapita, hilo kweli, na upekuzi lazima uwepo. Ila Mahakama ya Mwanakwerekwe haiko mbali na uwanja wa ndege. Ofisa aende akaombe hati.

Kwa sasa, zima simu kabla ya kufika dirishani. Ikiwashwa upya itadai namba ya siri, kidole peke yake hakitaifungua.